Shule ya Umma Isiyo Chini ya Wilaya: Jinsi Shule za Mkataba Zinavyoanzishwa na Kukua Nchini Marekani

Mzazi aliyekulia Tanzania au Kenya amezoea kuzigawa shule katika makundi mawili. Kuna shule ya serikali, ambayo walimu wake huajiriwa na dola, na kuna shule ya binafsi, ambayo mwenye nayo hutoza ada na hupokea watoto kwa masharti yake mwenyewe. Mgawanyo huo humtosha mpaka atakapohamia Marekani na kuambiwa na jirani kwamba karibu na kwake ipo shule isiyotoza ada hata senti moja, inayolipiwa na kodi za wananchi, iliyofunguliwa na walimu wachache pamoja na wazazi, isiyo chini ya mkurugenzi wa elimu wa wilaya, na ambayo mtoto wake atapata nafasi ikiwa tu jina lake litatoka katika bahati nasibu. Wamarekani huziita shule hizo charter. Katika makala hii nitaziita shule za mkataba. Katika mwaka wa masomo wa 2021–22 zilikuwa na wanafunzi wapatao milioni 3.7, yaani takriban asilimia 7 ya wanafunzi wote wa shule za umma nchini humo, na miongoni mwao wamo watoto wa familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani, zikiwamo za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi.

Ili kuielewa shule ya namna hii inafaa kuanza na mkataba wenyewe, kwa kuwa bila huo hakuna shule. Sheria ya jimbo huruhusu chombo fulani, ambacho tutakiita mwidhinishaji, kuingia mkataba na asasi isiyolenga faida. Mkataba hueleza shule itafundisha nini na watoto wa umri gani, itaongozwa na nani, itatumiaje fedha, na itapimwa kwa matokeo yapi baada ya miaka kadhaa. Kwa upande wake shule husamehewa kanuni nyingi zinazozibana shule za wilaya, yaani shule za umma za kawaida, kama vile ratiba ya siku, urefu wa mwaka wa masomo, namna ya kuajiri walimu na uchaguzi wa vitabu. Haisamehewi mambo ya msingi: haitozi ada, haifundishi dini, haibagui, inawapokea watoto wenye ulemavu kama sheria ya shirikisho inavyotaka, na wanafunzi wake hufanya mitihani ileile ya jimbo. Muda ukiisha, mwidhinishaji hupima kama ahadi zimetimizwa. Zikiwa zimetimizwa mkataba huhuishwa, la sivyo shule hufungwa. Uwezekano huo wa kufungwa ndio uliowashawishi wabunge wa majimbo kukubali kuzilegeza kanuni, na kila tunapoona shule hizi zimekwenda mrama, mara nyingi tutakuta uhuru ulitolewa lakini hesabu haikudaiwa.

Wazo hilo lilianzia kwa mtaalamu wa utawala wa elimu, Ray Budde wa Massachusetts, aliyeliandikia mapendekezo katika miaka ya 1970 na kulichapisha upya mwaka 1988. Alichokipendekeza kilikuwa kidogo kuliko kilichokuja kutokea: alitaka bodi ya wilaya iwape walimu wake mkataba wa kuendesha idara au programu ndani ya shule iliyopo. Mwaka huohuo Albert Shanker, kiongozi wa shirikisho la walimu la Marekani, alilichukua wazo hilo na kulitangaza kitaifa, akisema walimu wapewe nafasi ya kujaribu mbinu mpya kwa wanafunzi ambao shule za kawaida zimeshindwa kuwafikia. Leo, wakati vyama vya walimu vinahesabiwa miongoni mwa wapinzani wakubwa wa shule za mkataba, wengi hawaamini kwamba kiongozi wa chama cha walimu ndiye aliyezipa umaarufu. Shanker mwenyewe aligeuka baadaye, alipoona wazo lililokusudiwa kuwapa walimu sauti linatumiwa kuvikwepa vyama vyao na kufungua mlango kwa kampuni zinazotafuta faida.

Mbegu iliota Minnesota. Jimbo hilo lilikuwa limeshazoea kuwapa wanafunzi uchaguzi: tangu mwaka 1985 wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari waliruhusiwa kusoma masomo ya chuo kwa gharama ya jimbo, na mwaka 1988 sheria iliruhusu mtoto kusoma katika wilaya isiyo ya makazi yake. Oktoba 1988 Shanker alizungumza katika mkutano wa viongozi wa jimbo hilo, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Ember Reichgott, seneta wa jimbo kutoka chama cha Democratic. Mwezi uliofuata asasi ya kiraia ya Citizens League ilitoa taarifa iliyobadilisha jambo moja muhimu katika pendekezo la Shanker: shule hizo zisiwe matawi ndani ya shule za wilaya, ziwe asasi zenye kujitegemea kisheria. Reichgott aliupigania muswada huo kwa miaka kadhaa na kushindwa, kisha ukapita mwaka 1991 kwa tofauti ya kura chache na baada ya kupunguzwa makali. Sheria iliruhusu shule nane tu katika jimbo zima. Ilitaka waanzilishi wawe walimu wenye leseni na walimu wawe wengi katika bodi. Na ilimtaka kila mwombaji apate kwanza ridhaa ya bodi ya wilaya, yaani chombo kilekile ambacho shule mpya ingekinyang'anya wanafunzi.

Shule ya kwanza kufunguliwa chini ya sheria hiyo ilikuwa City Academy, upande wa mashariki wa mji wa St. Paul, Septemba 1992. Waanzilishi wake walikuwa walimu, Milo Cutter akiwa miongoni mwao, na wanafunzi wake walikuwa vijana walioacha shule au waliofukuzwa. Haikuwa na jengo lake; ilianza katika kituo cha michezo cha manispaa, ikiwa na vijana wachache na walimu waliomjua kila mmoja wao. Hakuna wilaya iliyokuwa ikiwagombania wanafunzi hao, na naamini hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya jaribio la kwanza lisizuiwe. Rais Bill Clinton, ambaye serikali yake ilianzisha mwaka 1994 mfuko wa shirikisho wa kusaidia shule za mkataba zinazoanza, aliitembelea City Academy Mei 2000. Wakati huo sheria za aina hiyo zilikuwa zimekwisha kupitishwa katika majimbo mengi, California ikiwa ya pili mwaka 1992.

Kwetu kuna jambo linalokaribiana na hili lakini linalokwenda upande wa pili, nalo linasaidia kufafanua. Nchini Kenya, baada ya uhuru, wananchi walijenga kwa nguvu zao mamia ya sekondari za harambee, wakachanga fedha, wakafyatua matofali na kuwalipa walimu wa mwanzo, huku matumaini yao makubwa yakiwa kwamba siku moja serikali itaichukua shule, itume walimu na kubeba gharama. Jamii ilianzisha, dola ikamiliki. Katika shule ya mkataba dola ndiyo inayolipa tangu siku ya kwanza, na jamii inabaki ikiendesha. Hata nafasi ya mfadhili, ambayo sheria ya elimu ya Kenya ya mwaka 2013 inaitambua kwa makanisa na taasisi nyingine zilizoanzisha shule za umma, hailingani nayo, kwa sababu walimu wa shule hizo wanaopewa ajira ya kudumu huajiriwa na tume ya taifa, ilhali bodi ya shule ya mkataba huajiri na kuachisha kazi yenyewe.

Safari ya kuianzisha huanza na kundi dogo la watu wenye nia, na mara nyingi huchukua mwaka mmoja hadi miwili kabla mtoto wa kwanza hajaingia darasani. Kundi huandaa ombi refu, aghalabu la mamia ya kurasa, lenye mtaala, makadirio ya fedha ya miaka kadhaa, utaratibu wa nidhamu, mpango wa kuwahudumia watoto wenye ulemavu na wale wanaojifunza Kiingereza, na ushahidi kwamba wapo wazazi wanaoihitaji shule hiyo. Mwidhinishaji hutegemea jimbo: kwingine ni bodi ya wilaya, kwingine chuo kikuu, kwingine bodi maalumu ya jimbo. Jijini Washington, kwa mfano, kuna bodi ya umma iliyoundwa kwa kazi hiyo tu, na katika jimbo la New York wadhamini wa chuo kikuu cha jimbo ni mmoja wa waidhinishaji. Mwidhinishaji makini hukataa maombi mengi. Waombaji huumia, lakini ombi dhaifu likikataliwa mapema huokoa watoto ambao wangejikuta bila shule katikati ya muhula.

Waanzilishi wengi ni walimu hodari, na kinachowashinda mara nyingi si ufundishaji. Jambo la kwanza huwa bodi. Kisheria shule ni ya bodi ya wakurugenzi, ambao hujitolea bila mshahara, na mkuu wa shule ni mwajiriwa wao hata kama ndiye aliyeota ndoto ya shule hiyo usiku na mchana. Mwanzilishi asiyelikubali hilo hujaza bodi marafiki wasiothubutu kumuuliza kuhusu hesabu, na hapo mlango wa ubadhirifu hufunguka. Bodi yenye mhasibu, mwanasheria, mtu anayejua majengo na wazazi wenye sauti huonekana kuwa kero kwa mkuu wa shule anayetaka kwenda haraka, lakini ndiyo inayoibakiza shule hai anapoondoka.

Jambo la pili ni jengo. Wilaya inayo haki ya kukopa kwa dhamana ya kodi ya majengo ili ijenge madarasa. Shule ya mkataba kwa kawaida haina. Ndiyo maana shule nyingi zimeanzia katika vyumba vya chini vya makanisa, maduka yaliyohamwa, maghala na shule za zamani zilizofungwa, zikilipa pango kwa fedha ambazo zingeajiri walimu. Minnesota hutoa ruzuku ya pango, lakini hairuhusu shule itumie fedha za jimbo kununua jengo moja kwa moja, kwa hiyo asasi nyingine isiyolenga faida huundwa pembeni ili imiliki jengo na kuipangisha shule. Huko California wapiga kura waliamua mwaka 2000 kwamba wilaya ziwape watoto wa shule za mkataba majengo yanayolingana kwa kadiri na yale ya wanafunzi wengine, na tangu hapo migogoro ya shule mbili kugawana ukumbi mmoja wa kulia chakula na uwanja mmoja imekuwa ya kila mwaka.

Jambo la tatu, ambalo hufunga yote, ni fedha zinazomfuata mwanafunzi. Jimbo hulipa kwa kila kichwa kilichoandikishwa. Shule iliyopanga kuwa na watoto 120 ikapata 90 imepoteza robo ya mapato yake, lakini mwenye nyumba anataka pango lilelile na mwalimu anataka mshahara uleule. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wa shule nyingi ni mwaka wa kugonga milango, kusimama kwenye masoko na nyumba za ibada, na kuwaeleza wazazi kwamba shule ni ya bure kweli. Waombaji wakizidi nafasi, sheria huagiza bahati nasibu ya wazi, ambamo ndugu wa wanafunzi waliopo hutangulizwa kwa kawaida. Familia mgeni isiyojua tarehe ya mwisho ya maombi, ambayo katika miji mingi huwa miezi kadhaa kabla ya muhula kuanza, hukosa nafasi bila hata kujua kwamba kulikuwa na mlango. Nadhani huo ndio upungufu mkubwa wa utaratibu unaodai kutoa uchaguzi kwa wote.

Shule inayofuzu mwaka wa kwanza hukua kwa darasa moja kila mwaka. KIPP, mtandao wa shule za mkataba ulio mkubwa kuliko yote leo, ulianza mwaka 1994 kama mpango wa watoto wa darasa la tano mjini Houston, ukiongozwa na walimu vijana wawili, Mike Feinberg na Dave Levin. Ukuaji wa taratibu huiwezesha shule kulea desturi zake, lakini una gharama: katika miaka ya mwanzo kuna mkuu wa shule, karani na mpishi wanaolipwa kwa mapato ya madarasa mawili tu. Hapo ndipo baadhi ya bodi huikabidhi shule kwa kampuni ya usimamizi. Asasi hubaki bila faida kwenye karatasi, huku sehemu kubwa ya bajeti ikienda kwa kampuni ambayo wakati mwingine ndiyo pia mwenye jengo. Mpangilio huo ni halali katika majimbo mengi, na naona ni sehemu ya mfumo inayohitaji kufumuliwa kuliko nyingine yoyote.

Hatari ya kulipwa kwa kila kichwa ilionekana wazi Ohio. Shule ya mtandaoni iliyoitwa Electronic Classroom of Tomorrow, iliyofunguliwa mwaka 2000, ilidai fedha za wanafunzi zaidi ya 15,000, na jimbo lilipokagua mwaka wa masomo wa 2015–16 liliweza kuthibitisha 6,300 hivi tu. Iliamriwa kurejesha dola zinazokaribia milioni 80 kwa miaka miwili ya masomo, ikashindwa, na Januari 2018 ikafungwa katikati ya mwaka, ikiwaacha wanafunzi wapatao 12,000 wakitafuta shule nyingine. Miaka yote hiyo ilikuwa na mwidhinishaji. Minnesota nayo ilijifunza kwamba mkataba bila msimamizi mwenye nguvu ni karatasi tu, na mwaka 2009 ilibadilisha sheria yake ili waidhinishaji wote waombe upya ridhaa ya jimbo na wapimwe kazi yao.

Mahali ambapo jaribio lilikwenda mbali zaidi ni New Orleans. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, jimbo la Louisiana lilizichukua shule nyingi za mji huo na kuzigawa kwa waendeshaji wa mikataba, na wafanyakazi wa elimu zaidi ya 7,000, wengi wao Wamarekani weusi waliokuwa tabaka la kati la mji huo, waliachishwa kazi. Alama za mitihani na idadi ya wanaohitimu sekondari zilipanda kwa kiwango ambacho watafiti wengi wanakikubali. Wazazi nao walilalamika kwa muda mrefu kwamba watoto wao walivuka mji mzima kwa basi na kwamba hawakuwa na mtu waliyemchagua wa kumpelekea malalamiko. Mwaka 2018 shule zilirudishwa chini ya bodi iliyochaguliwa na wananchi, lakini zikabaki za mkataba.

Je, zinafundisha vizuri kuliko shule za wilaya? Utafiti mkubwa wa kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford, uliotolewa mwaka 2009 na kuhusisha majimbo 15 pamoja na jiji la Washington, ulikuta kwamba katika hisabati asilimia 17 ya shule za mkataba zilifanya vizuri zaidi, asilimia 37 zilifanya vibaya zaidi, na zilizobaki hazikutofautiana. Utafiti wa kituo hichohicho wa mwaka 2023 ulikuta wanafunzi wa shule hizi wametangulia kwa kiasi kinacholingana na siku 16 za masomo katika kusoma na siku 6 katika hisabati, huku wale wa shule za mtandaoni wakiachwa nyuma sana. Tafiti za Boston, zilizowalinganisha watoto walioshinda bahati nasibu na wale walioikosa, zilionyesha mafanikio makubwa. Hata hivyo wapiga kura wa Massachusetts, jimbo la Boston hiyohiyo, walikataa mwaka 2016 kuongeza idadi ya shule hizo, kwa karibu asilimia 62 ya kura. Sababu waliyoisikia zaidi ilikuwa ya hesabu: mtoto akiondoka wilayani huondoka na fedha zake, ilhali darasa alilotoka bado linahitaji mwalimu, basi na joto la majira ya baridi. Mwaka huohuo NAACP, chama kikongwe cha haki za Wamarekani weusi, kilitaka upanuzi wa shule za mkataba usimamishwe mpaka uwajibikaji uimarishwe.

Chini ya mabishano hayo yote kuna swali moja la kisheria ambalo miaka zaidi ya 30 haijalimaliza: shule hii ni ya nani? Mwaka 2015 mahakama ya juu ya jimbo la Washington ilifuta sheria ya shule za mkataba iliyopitishwa na wapiga kura mwaka 2012, ikisema haziwezi kulipwa kutoka mfuko wa shule za umma za kawaida kwa kuwa haziongozwi na bodi zilizochaguliwa. Bunge la jimbo likaziokoa mwaka uliofuata kwa kuzitafutia mfuko mwingine. Huko North Carolina, shule ya mkataba iliyowalazimisha wasichana kuvaa sketi ilijitetea kwamba yenyewe si dola, hivyo haibanwi na katiba katika suala la usawa. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikataa hoja hiyo, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi.

Oklahoma ndiko swali lilikofika ukingoni. Juni 2023 bodi ya jimbo iliidhinisha shule ya mtandaoni ya Kikatoliki ya St. Isidore, ambayo ingekuwa shule ya mkataba ya kwanza ya kidini nchini. Walioiunga mkono walisema shule ya mkataba ni asasi ya binafsi iliyoingia mkataba na serikali, hivyo kuinyima fedha kwa sababu ya dini ni ubaguzi. Mahakama ya juu ya jimbo la Oklahoma ikaamua Juni 2024 kwamba shule ya mkataba ni shule ya umma na haiwezi kufundisha dini kwa kodi za wananchi. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, jaji mmoja alijitoa na waliobaki wakagawanyika wanne kwa wanne, Mei 2025. Kwa matokeo hayo uamuzi wa Oklahoma ulibaki, lakini hauzifungi mahakama za majimbo mengine, na kesi nyingine ya namna hiyo ikifika mbele ya majaji wote tisa, jibu litagusa kila mkataba uliotiwa saini tangu 1991.